Fundi wa Majina

Jumatatu Materu alibadilishwa.
Si kuuzwa, kocha alisisitiza akitua jezi mezani,
kubadilishwa: nahodha wetu, misimu kumi na mmoja,
kwa kijana mrefu wa Geita mwenye goti la mashaka
na zamu ya pili kwenye uteuzi wa Agosti.
"Fumua jina. Namba acha."
Hakuniangalia.

Nina nusu wembe niliouzungushia utepe.
Huanza na herufi ya mwisho, sijui kwa nini,
U, R, E, T, A, M,
mtu huondoka kinyumenyume.
Chini ya jina nguo ilikuwa bado njano ya siku ya kwanza,
njano isiyojua jua la Pasua,
na matundu ya sindano yamejipanga
kama maneno ya mtu anayenong'ona.

Jioni alikuja mwenyewe,
akauliza kama ninayo zipu ya begi.
Nikamwekea, nikakataa hela.
Akasema Mwanza kuna samaki.
Nikasema ndiyo, samaki wapo.
Basi lake lilikuwa la alfajiri.

Mechi ishirini na mbili, tulishinda tatu,
na moja kati ya hizo wageni gari liliwafia Same.
Tukashika mkia.
Kumbe mkia nao una mkono:
wa mwisho ndiye huchagua wa kwanza.
Ndelilio wa duka la vipuri haimwingii hadi leo.
"Yaani tungefungwa zaidi, tungefaidi zaidi?"
Karibu hivyo, nikamwambia.
Akaagiza chai nyingine.

Dodoma wametupa mmoja kwa mkopo.
Nguo ya kuazima haisitiri matako;
jina lake nimelipiga bandi tu,
uzi mweupe, mishono mirefu,
ukivuta mara moja unatoka wote.

Yule wa Geita, Luhende, alikuja akichechemea
kupimwa kaptula.
Anacheza kati, anacheza pembeni, popote palipotoboka.
Kiraka, magazeti yamemwandika,
naye amelikata gazeti, amelikunja kwenye pochi,
hajui kama ni sifa au tusi.
Mwanangu, neno hilo limetoka kwenye meza hii.
Suruali huchanika kando ya kiraka,
kiraka chenyewe hubaki.

Agosti kocha alipiga simu kutoka Dar, ukumbini, kelele tupu.
"Andika! Wa kwanza, Wambura!"
Herufi za zamani sizitupi, nazitunza kwenye kopo la siagi.
M zimejaa, huu ni mji wa kina Massawe na Mushi na Minja.
W hata moja.
Nikaichukua M, nikaipindua miguu juu.
Ukiisogelea utaona imekaa kilevi kidogo,
lakini nani atamsogelea mtu wa mita mbili?

"Wa pili, Temu! Wa Kibosho! Miaka kumi na tisa!"
Wa pili. Ile zamu ya Materu.
Nikamwaga kopo.
T. E. M. U.
Zote nne zilikuwa bado na nyuzi zake pembeni,
nikazishona palepale, juu ya saba ileile,
matundu mengine ya zamani sindano iliyapata yenyewe.
Zikabaki A na R.
Nimezirudisha kwenye kopo. Sina la kusema juu yake.

Jumamosi tulicheza na Tanga, tukafungwa kwa kumi na nne.
Wambura alidaka kila kilichoruka, kisha akampasia mwamuzi.
Luhende alitolewa robo ya tatu, barafu gotini.
Mlima ulikuwa umejifunika, nao sikuulaumu.

Ila kuna wakati mmoja, robo ya nne,
mpira uko kwa Temu, anadunda akiinamia kiatu chake,
na pembeni Wambura yuko peke yake chini ya pete,
mikono juu.
Jukwaa zima likapiga kelele kwa mazoea ya miaka kumi na moja:
"Materu! Pembeni! Materu!"

Kijana akainua kichwa,
akatazama pembeni.
Akatoa.